Kaa na Kiwanja Kimoja Mwaka Mzima

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasomea usanifu wa mandhari, niko mwaka wa pili. Muda mwingi tunakaa kwenye kompyuta, na tangu nianze tumetoka uwandani mara mbili tu. Nimevutiwa na habari za kurudisha pori, yaani kuiacha ardhi iliyochoka ijirudie yenyewe kwa msaada mdogo. Nataka kujifunza kwa kutoka nje mwenyewe, lakini nikifika huko natembea, napiga picha, narudi, na sioni nilichojifunza. Nianzie wapi? Na kama kazi ni kuiachia asili, msanifu anabaki na kazi gani?

Jibu:

Marahaba. Swali lako la pili ndilo lililonifanya niandike kwa urefu, ila siwezi kulifikia bila kupita kwenye la kwanza, kwa hiyo nivumilie.

Unatembea, unapiga picha, unarudi. Sioni uvivu hapo. Naona daftari ambalo halikuandikwa kitu kabla ya kutoka nyumbani. Anayefika mahali bila kutabiri chochote hawezi kukosea, na asiyeweza kukosea hana cha kujifunza. Atarudi na picha 200 za vitu alivyokuwa akivijua tayari. Kabla hujatoka, andika kwa kalamu: mvua ikinyesha, maji yataingilia kona ipi na yatatokea wapi, udongo ni mgumu upande upi, watu wanakatiza wapi, mmea upi utaukuta kwa wingi, na kwa nini. Weka tarehe. Kisha nenda ukaangalie. Pale ulipokosea piga mstari, andika pembeni ulichokikuta. Ukurasa wenye mistari mingi ndio wenye somo. Mimi nikikagua madaftari ya wanafunzi naanza na hiyo mistari, na daftari lisilo na mstari hata mmoja hunitia wasiwasi.

Chagua kiwanja kimoja, kidogo, tena kibaya. Mita za mraba 500 hadi 1,000 zinatosha. Bustani iliyopambwa itakuficha mambo, kwa kuwa kila asubuhi kuna mtu anayefagia ushahidi. Kiwanja kilichosahaulika hakifagiliwi. Kiwe na mteremko, hata kama ni mdogo. Kiwe na ukingo ambapo vitu viwili vinakutana, lami na udongo au ukuta na nyasi. Na kiwe njia ya watu. Lililo muhimu kuliko yote, kiwe karibu kiasi cha kukifikia kwa miguu, maana utatakiwa kufika mvua ikiwa inanyesha, na hakuna anayepanga safari ya mbali kwa ajili ya mvua. Muone mwenye eneo, umweleze utakachofanya, upate ruhusa yake. Baada ya hapo kaa nacho mwaka mzima. Wanafunzi wengi wanataka viwanja kumi kwa muhula, na wanamaliza wakiwa wamevisalimia vyote bila kukijua hata kimoja.

Anza na maji, kwa sababu maji ndiyo yanayoamua karibu kila kitu kingine: udongo upi umebaki, mmea upi umekaa, watu wanapitia wapi wakati wa matope. Jua likiwa kali, soma alama zake. Utaona mchanga mwembamba umetandazwa mfano wa upepeo pale mwendo wa maji ulipopungua. Utaona takataka nyepesi zimenasa kwenye mashina ya nyasi, zote zimelala upande mmoja. Utaona mizizi iliyoachwa wazi, na mstari wa tope ukutani unaokuonyesha kina cha mafuriko ya mwisho. Chora mishale kwenye ramani yako. Kisha subiri mvua, vaa koti, nenda. Wahenga waliposema maji hufuata mkondo walikuwa na maana yao. Wewe nenda ukaone mkondo wenyewe uko wapi. Nina hakika kwamba angalau mshale mmoja utaufuta, mara nyingi kwa sababu ya kitu kidogo kama ukingo wa barabara uliovunjika au njia ya miguu iliyogeuka kuwa mfereji.

Hesabu ya maji ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Basi paa na sakafu ngumu za mita za mraba 400 zikipigwa na mvua ya milimita 25 zinatoa lita 10,000, yaani mita za ujazo 10, ukiacha kiasi kidogo kinachobaki juu yake. Kama unataka maji hayo yatulie kwenye bustani ya mvua, yaani bonde dogo lililopandwa mimea la kupokea maji ya mvua hadi yazame, lenye kina cha sentimita 20, utahitaji mita za mraba 50. Hesabu hiyo inaingia kwenye kiganja cha mkono, lakini nimeona michoro mizuri sana ambayo bustani ya mvua ni ukanda mwembamba wa mita tano tu, umewekwa kwa sababu unapendeza.

Swali linalofuata ni ardhi inakunywa kwa kasi gani. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, ulijaze maji, uyaache yazame yote. Jaza tena. Sasa chomeka rula na upime kila nusu saa maji yameshuka kiasi gani. Ule ujazo wa kwanza hauhesabiwi, kwa kuwa udongo mkavu hunywa kwa pupa na kukudanganya. Maji yakishuka chini ya sentimita 1 hivi kwa saa, usiutegemee udongo peke yake; utahitaji njia ya kuyatoa. Na usiyaache yasimame wiki nzima: kwenye joto, yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili ndani ya siku saba hivi. Bustani ya mvua inayokauka ndani ya siku mbili haizalishi mbu. Inayokaa siku kumi inazalisha, na majirani wataifukia, nao watakuwa na haki.

Jambo hili nimelilipia. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilipima shimo kama hilo mwenyewe, maji yakashuka sentimita 4 kwa saa, nikachora bustani ya mvua kwa furaha. Ujenzi ukaanza. Kwa miezi kadhaa mashine nzito ziliegeshwa palepale nilipopima, kwa sababu mchoro wangu haukumkataza mtu kuziegesha hapo. Bustani ikakamilika, ikapigwa picha, nikahamia kazi nyingine. Mwaka uliofuata mlinzi wa eneo alinipigia simu akaniambia mimea yote imeoza. Nilipofika, maji yalikuwa yamesimama siku ya tisa. Udongo niliokuwa nimeupima haukuwepo tena. Ulikuwa umeshindiliwa ukawa kama tofali. Kosa lilikuwa langu, kwenye karatasi yangu. Tangu siku hiyo kila mchoro wangu unaonyesha uzio wa kuzuia mashine kwenye sehemu za kupanda, na shimo napima mara mbili, kabla ya ujenzi na baada yake. Kitu kingine ninachokumbuka kwa uzito ni kwamba bila simu ya yule mlinzi nisingejua kamwe. Fani yetu ina ugonjwa huo: tunakabidhi, tunapiga picha za siku ya ufunguzi, haturudi.

Kupima urefu wa ardhi hakuhitaji kifaa cha gharama. Mafundi ujenzi wanatumia mpira wa maji unaoonyesha ndani: maji kwenye ncha zake mbili husimama usawa mmoja, na tofauti unaisoma kwenye fito mbili zenye alama. Mkiwa wawili mtapata mkato wa kiwanja chote, yaani mchoro wa ardhi kama iliyokatwa wima ikatazamwa kwa upande, kwa asubuhi moja. Uchore mkato huo kwa mkono, palepale, kwa kipimo. Mchoro wa kutoka juu unaonyesha vitu viko wapi, ila mkato ndio unaokuambia maji yatakwenda wapi, mizizi ina nafasi kiasi gani chini, na mtu aliyesimama pale anaona nini.

Kwenye udongo, tumia mikono. Lowesha kidogo, kanda, ukisukume kati ya kidole gumba na cha shahada. Kikitoka kama utepe mrefu bila kukatika, mfinyanzi ni mwingi. Kisiposhikana kabisa, una udongo wa kichanga. Au weka udongo na maji kwenye chupa inayoonyesha ndani, tikisa, uiache: mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi, chembe za kati huchukua saa kadhaa, mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Tafuta pia nondo nyembamba uichomeke ardhini sehemu mbalimbali kwa nguvu ileile, siku kadhaa baada ya mvua. Inapogoma ndipo mizizi nayo itakapogoma. Andika vina. Ramani ya ugumu wa udongo utakayoipata itakueleza historia ya kiwanja kuliko hati yoyote: hapa magari yaligeuzia, hapa palikuwa na kibanda, hapa hapajawahi kukanyagwa.

Sasa tuje kwenye pori lako.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji pale Bamburi, Mombasa, yanayojulikana leo kama Haller Park. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alikabidhiwa ardhi iliyochimbwa hadi kwenye mwamba mweupe wa matumbawe, yenye joto kali na maji ya chumvichumvi karibu na uso, bila udongo hata kidogo. Alijaribu aina 26 za miti. Tatu ndizo zilizoishi, mmoja wapo mvinje. Mvinje unaweza kukaa pale kwa sababu kwenye mizizi yake kuna bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Lakini hapo ndipo tatizo la pili lilipojitokeza: majani yake membamba yakaanguka, yakarundikana, hayakuoza. Msitu ulikuwa umesimama bila udongo chini yake. Haller aliwaona jongoo wekundu wakiyala majani hayo, akaleta jongoo kwa wingi wakafanya kazi. Walikula, kinyesi chao kikawa mwanzo wa mboji, na juu ya mboji hiyo mimea mingine ikapata pa kuanzia. Ndege na wanyama wakafuata.

Angalia alichofanya. Hakuuchora msitu. Aliuliza ni kitu gani kimoja kinachozuia hatua inayofuata, akakishughulikia, akangoja, akauliza tena. Na aina 23 zilizokufa hazikuwa hasara. Zilikuwa bei ya kujua zile tatu.

Hapo ndipo jibu la swali lako la pili lilipo. Kuiachia asili ni kazi nzito ya kutambua kinachoizuia. Kizuizi kinaweza kuwa bomba la zamani chini ya ardhi linalonyonya maji, ukuta wa zege kando ya mto, mashine ya kufyeka inayopita kila wiki mbili, udongo ulioshindiliwa, mmea mmoja vamizi uliofunika mwanga, au kukosekana kwa mnyama aliyekuwa akila, akikanyaga na kusambaza mbegu. Msanifu ndiye anayetafuta kizuizi, anayepima kama kukiondoa kutamuumiza jirani, anayechora namna ya kukiondoa, kisha anayekaa kuona kilichotokea. Kupanda miti elfu moja ni rahisi zaidi, na mara nyingi ni njia ya kukwepa swali hilo.

Mto Kissimmee wa Florida, Marekani, unaonyesha ukubwa wa kazi hiyo. Kati ya 1962 na 1971 wahandisi waliunyoosha: mto uliokuwa ukijipinda kwa kilomita 166 hivi ukawa mfereji wa kilomita 90, ili kuzuia mafuriko. Uwanda wake wa mafuriko ukakauka na zaidi ya asilimia 90 ya bata na ndege wenzao wa majini wakatoweka. Kuurudisha kulichukua miongo, na ujenzi wake ulikamilika mwaka 2021. Kazi kubwa ilikuwa kufukia sehemu ya mfereji uliochimbwa. Maji yalipopata tena njia za zamani, mimea na ndege hawakuhitaji kuchorewa.

Hata hivyo nakuomba usizimeze hadithi za kurudisha pori bila kutafuna, kwa sababu zina utamu unaopofusha. Umesikia bila shaka ya mbwamwitu wa hifadhi ya Yellowstone, Marekani. Wa mwisho waliuawa mwaka 1926, na 31 wakaletwa kutoka Kanada mwaka 1995 na 1996. Inasimuliwa kwamba walipunguza kulungu wakubwa waliokuwa wakila mierebi ya kando ya vijito, mierebi ikarudi, mito ikatulia. Sehemu ya hayo ni kweli kwa baadhi ya maeneo. Lakini watafiti waliofanya majaribio ya miaka 20 kwenye mabonde ya kaskazini ya hifadhi hiyo wamekuta vijito vingi vilikuwa vimekwisha kuchimbika chini sana baada ya wanyama wajenzi wa mabwawa, biva, kutoweka. Maji yalishuka mbali na mizizi ya mierebi, na kurudi kwa mbwamwitu peke yake hakukuyapandisha. Ukiondoa kitu mapema, kukirudisha baadaye hakukurudishi ulipokuwa. Ndiyo maana nakuhimiza kuanza na maji na udongo kabla ya kuwawaza wanyama.

Kuna pia Oostvaardersplassen, Uholanzi: ardhi iliyokaushwa kutoka chini ya maji mwaka 1968, ikaachwa kwa ng'ombe, farasi na kulungu waishi bila kulishwa. Ilizungushiwa uzio, hawakuwa na pa kuhamia wala mnyama wa kuwawinda. Majira ya baridi ya 2017 hadi 2018 walikufa zaidi ya 3,000, wengi wao wakipigwa risasi ili wasife kwa njaa, na wananchi wakakasirika hadi sera ikabadilishwa. Linganisha na Knepp, kusini mwa Uingereza, shamba la hekta 1,400 hivi lenye mfinyanzi mzito lililokuwa likila hasara. Tangu 2001 wamewaacha ng'ombe, farasi wadogo, nguruwe na kulungu walitembee, lakini idadi yao inadhibitiwa na binadamu, akichukua nafasi ya mnyama mla nyama asiyekuwepo. Vichaka vya miiba vikaota, vikailinda miche ya mialoni isiliwe, na mwaka 2020 korongo weupe walitotoa vifaranga pale, jambo ambalo Uingereza haikuliona kwa karne kadhaa. Wote wawili waliacha. Tofauti ni kwamba mmoja aliulizia mipaka ya eneo lake na kuikubali.

Kwenye kiwanja chako cha mita 500 hutaleta ng'ombe. Utafanya mambo madogo yenye mantiki ileile. Acha ukanda mmoja usifyekwe na mwingine ufyekwe kama kawaida, na kila mwezi weka fremu ya mraba ya mita 1 kwa mita 1 mahali palepale, uhesabu aina za mimea na kukadiria kila aina imefunika asilimia ngapi. Weka gogo bovu upande wa kivuli. Baada ya miezi mitatu ligeuze taratibu uone waliohamia. Na fanya jaribio moja ambalo sijaona mwanafunzi aliyelifanya akabaki vilevile: chota udongo wa juu, sentimita 5 tu, kutoka sehemu kumi. Utandaze mwembamba kwenye trei zenye mchanga safi chini, mwagilia, funika kwa chandarua chepesi. Trei ya kumi na moja iwe na mchanga peke yake, ili ujue mbegu zipi zimeletwa na upepo. Kabla ya kuanza andika unadhani zitaota aina ngapi. Miche inapotambulika, ihesabu na kuing'oa, uendelee kwa miezi mitatu. Ardhi uliyodhani imekufa inaweza kukuotea mimea isiyoonekana popote juu ya kiwanja, iliyolala udongoni ikisubiri mwanga. Au inaweza kukuotea mmea vamizi mmoja tu, na hapo utajua kwamba kuliacha eneo hilo lijirudie ni kumkabidhi mvamizi. Maamuzi hayo mawili yanazaa michoro miwili tofauti kabisa, na hakuna picha ya setilaiti itakayokutofautishia.

Tuje kwa watu, ambao wapenzi wa pori huwasahau. Mtafiti William H. Whyte aliwatazama kwa kamera watu wa New York katika viwanja vya wazi miaka ya 1970, akagundua mambo ambayo wabunifu wa viwanja hivyo walikuwa hawayajui, likiwemo hili lililo wazi: watu hukaa pale penye pa kukaa. Mtazamo wake unaweza kuutumia bila kamera. Kaa saa moja asubuhi, mchana, jioni na siku ya mapumziko. Weka alama kwa kila aliyesimama, aliyekaa, aliyekatiza. Njia za mkato zilizochongwa na nyayo zichore zote. Wale wapitao wamekwisha kukufanyia sehemu ya usanifu. Mtafute mtu mwenye umri mkubwa anayeishi jirani na anayefanya usafi hapo, uwaulize palikuwa na nini zamani na mafuriko makubwa yalifika wapi. Waulize pia wanaogopa nini. Nyasi ndefu kwako ni makazi ya wadudu. Kwa mwanamke anayepita usiku ni mahali pa mtu kujificha, na hofu hiyo ni taarifa ya uwandani sawa na kipimo cha udongo. Mtafiti Joan Nassauer alieleza mwaka 1995 kwamba watu huipokea mandhari yenye fujo ya asili kama ina fremu ya utunzaji: ukingo uliofyekwa, njia iliyonyooka, alama kwamba kuna anayejali. Ukanda wa mita moja na nusu unaofyekwa kando ya njia unaweza kuokoa ekari nzima ya pori isifyekwe kwa malalamiko.

Na tafadhali, kama siku moja utafanya kazi ya kurudisha pori kwenye ardhi kubwa, swali la nani alikuwa akiitumia na anaitumia hadi leo litangulie lile la mnyama gani arudi. Kuna watu wengi waliohamishwa kwa jina la hifadhi. Ramani inayoonyesha eneo ni tupu mara nyingi imechorwa na mtu asiyekaa pale.

Usanifu endelevu nitaupitia kwa haraka, kwa sababu ukifanya hayo yote sehemu kubwa utakuwa umeshaifikia. Uuchukulie kama hesabu ya vinavyoingia na vinavyotoka. Saruji inachangia karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotolewa duniani, hivyo kila mita ya zege ijieleze kwa nini ipo. Kifusi kilichopo kwenye kiwanja kinaweza kuwa msingi wa njia. Njia isiyozidi mteremko wa 1 kwa 20, yaani kupanda mita 1 kwa kila mita 20 za mwendo, inamfaa anayetumia kiti cha magurudumu bila kujenga rampu yenye vishikio. Ukizidi hapo, rampu isizidi 1 kwa 12. Kisha uliza nishati gani itaendelea kutumika. Kijito cha Cheonggyecheon mjini Seoul, kilichofunguliwa mwaka 2005 baada ya barabara ya juu kubomolewa, kimewapa watu mahali pazuri mno, na wadudu na samaki wapo. Lakini maji yake mengi husukumwa kwa pampu kila siku. Zima pampu, kijito kinakauka. Bustani ya Bishan-Ang Mo Kio nchini Singapore ilifuata njia nyingine: mfereji wa zege wa kilomita 2.7 ulivunjwa ukawa mto unaojipinda kwa kilomita 3 hivi, uliokamilika mwaka 2012, ukiishi kwa maji yake wenyewe, kujaa kwake na kupungua kwake. Na kabla ya kuujenga, walijaribu mbinu kumi za kushika kingo kwa mimea kwenye kipande cha mita 60, wakatazama ipi inahimili. Mita 60! Mradi mkubwa namna ile ulianza kwa kutabiri, kujaribu na kurudi kuangalia, kama wewe na trei zako.

Kompyuta usiichukie. Ukiwa na vipimo vyako mwenyewe utaifurahia, maana utajua kila mstari umetoka wapi. Yale matabaka ya ramani unayoyapanga kwenye programu, maji juu ya udongo juu ya mimea, msanifu wa mandhari Ian McHarg alikuwa akiyafundisha kwa karatasi zinazopitisha mwanga miaka ya 1960, na wanafunzi wake walitoka nje kuyakusanya.

Wiki hii, basi, fanya matatu tu. Tafuta kiwanja na ruhusa. Andika ukurasa mmoja wa utabiri, uutie tarehe. Chota udongo wa trei. Mengine yatafuata mvua. Trei ziandike namba kwa kalamu isiyofutika na maji, upande wa ndani na wa nje, pamoja na mahali ulipochota. Kufikia wiki ya nne zote zitakuwa kijani na hutaweza kuzitofautisha.